Ile mashine inayozuia mlango wa stoo

Juzi tulikuwa tunapanga stoo nikakutana tena na ile mashine. Ni pampu ndogo tu, inaenea kiganjani, kazi yake kusukuma dawa taratibu chini ya ngozi saa 24 kwa mgonjwa ambaye hawezi tena kumeza, na mtu akikwambia haina maana mkatalie, ni moja ya vitu vizuri kabisa kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito. Ilitufikia miaka kadhaa iliyopita kutoka kwa hospisi pacha yetu ya ng'ambo, imefungwa vizuuri na juu yake kadi ya salamu imesainiwa na watu kama ishirini. Tulifurahi mpaka tukapiga picha. Sasa mirija yake ni ya aina yake peke yake, sio ile ya kawaida, na kwenye boksi waliweka kumi. Tukatumia kumi. Ya kumi na moja hatujaiona mpaka leo. Kwa hiyo mashine ya watu iko chini pale inazuia mlango usijibamize upepo ukivuma, na hiyo kazi inaifanya vizuri kwa kweli.

Nimeona niandike kuhusu huu ushirikiano wa hospisi na hospisi, maana kila nikisema tuna wenzetu nchi nyingine wanaotushika mkono watu wanawaza moja kwa moja mzungu na kontena. Mimi hii kazi nimeianza kama nesi wa kuzungukia wagonjwa majumbani, sasa hivi ndiyo mimi ninayeandikiana na wenzetu, email zote zinapita kwangu na ripoti zote zinakula usingizi wangu, kwa hiyo haya ni ya jikoni kabisa.

Kwanza tuwekane sawa, hospisi sio lazima jengo. Watu wakisikia hospisi wanafikiria ni nyumba ya kwenda kufia, na kuna ndugu wanakataa hata tusipige hodi kwao kwa sababu hiyo. Huku kwenye jamii zenye hali duni hospisi nyingi hazina hata kitanda kimoja cha kulaza mtu. Ni nesi, begi, chupa ya mofini, ile dawa ya maumivu makali, pikipiki au miguu yake, na mtu wa kujitolea wa mtaa ule ule anayejua vichochoro. Mgonjwa yupo kwake anauguzwa na watu wake, sisi tunakuja kupunguza maumivu, kuwaonyesha ndugu namna ya kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, na kukaa naye. Kukaa tu. Hiki kipengele cha kukaa hakiingiagi kwenye fomu ya mfadhili yeyote, nimeshakitafutia kisanduku nimechoka.

Uhitaji ni mkubwa kuliko mtu anavyodhani. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 56.8 kila mwaka wanahitaji tiba shufaa, wengi wao wako nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaoipata ni kama asilimia 14. Halafu kuna ripoti ya kamisheni ya jarida la Lancet ya mwaka 2017, hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Dawa za kundi la mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka zilikuwa tani 298.5, na nchi maskini kabisa zilikuwa zinapata tani 0.1. Kilo mia! Yaani gunia moja, nchi zoooote za kundi hilo zinagawana gunia moja. Mara ya kwanza kusoma nilijua ni makosa ya uchapaji.

Ndio maana swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, sasa si hao wenzenu wawatumie tu mofini jamani? Haiwezekani. Mofini iko chini ya mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961, kila nchi inapeleka kila mwaka makadirio ya mofini itakayohitaji kwenye bodi ya kimataifa ya kusimamia dawa hizo iliyoko Vienna, na kila mzigo unaovuka mpaka lazima uwe na kibali cha nchi inayoingiza na kibali cha nchi inayotoa. Hata nesi awe na roho nzuri vipi hawezi kufungasha chupa mbili kwenye sanduku lake la nguo akaja nazo, hiyo ni kesi na atafungwa. Na hapo kwenye makadirio ndipo kuna kizungumkuti, maana nchi inakadiria kidogo kwa sababu mwaka jana ilitumia kidogo, na mwaka jana ilitumia kidogo kwa sababu dawa haikuwepo, na madaktari hawaiandiki kwa sababu hawajazoea kuiona, basi mnazunguka humo humo na mgonjwa yuko kitandani anasubiri.

Mfano ambao mimi huwa nautoa ni wa Dk. Anne Merriman. Mwingereza yule alikuwa amefanya kazi Singapore, akaja Nairobi Hospice ilipoanza mwaka 1990, halafu mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda. Hakuja na shehena ya vidonge vya bei mbaya. Alikuja na namna ya kutengeneza mofini ya maji, unga wa mofini, maji safi, kihifadhi isiharibike, na rangi ili watu wasichanganye ile ya nguvu ndogo na ile kali. Hivyo tu. Kitu ambacho mfamasia anaweza kukichanganya kwenye chumba cha kawaida chenye usafi na daftari la kuandika kila mililita. Halafu kazi kubwa ikawa kukaa na serikali, kufundisha, kuwatoa watu hofu, mpaka mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni ili manesi na matabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini wenyewe. Ukiwa sehemu ambayo daktari ni mmoja kwa umati wa watu, ile kanuni ina uzito kuliko makontena hamsini.

Tena tusijidanganye kuwa mambo haya Afrika yameanza juzi. Hospisi ya St Christopher's ya London, ile ya Cicely Saunders, mama wa hospisi za kisasa, ilifunguliwa mwaka 1967, na Island Hospice ya Harare ikaanza mwaka 1979, miaka kumi na mbili tu baadaye. Chama cha Afrika nzima cha tiba shufaa, APCA, kiliundwa rasmi Arusha mwaka 2004. Kwa hiyo mtu akija kwako na lugha ya tumekuja kuwaanzishia, mpe kiti kwanza apumzike.

Ngoja niwaambie mofini ya maji inavyofanya kazi kwa macho yangu. Kulikuwa na mzee mmoja saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Tulimkuta ameketi amejikunja ameegemea ukuta, mkewe akatuambia hajalala chali siku nyingi, anasinzia hivyo hivyo akiwa amekaa, akishtuka analia kimya kimya ili wajukuu wasisikie. Nikampima kwenye sirinji isiyo na sindano mililita mbili na nusu, akazinywa, akakunja uso maana ni chungu. Tukakaa tukaongea mambo ya kawaida tu. Baadaye kidogo akajilaza. Akanyoosha mguu mmoja, akanyoosha na wa pili. Bibi akanishika mkono akanivutia pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, nesi, ndo ameshakwenda? Nikamwambia hapana bibi, amelala. Hakuniamini, akaenda kumwekea kiganja puani.

Basi hiyo dawa inanywewa kila baada ya saa nne, ya usiku unampa dozi mbili kwa mpigo ili asiamke katikati, na unampa na dawa ya kulainisha choo kila siku, sio ukikumbuka, kila siku, maana mofini inafunga choo na mgonjwa ataiacha kwa sababu hiyo tu. Haya yote unamfundisha ndugu, wakati mwingine ndugu hajui kusoma, unachora jua na mwezi kwenye karatasi. Na unahitaji chupa. Hapo sasa ndo penye shida ambayo hakuna mfadhili anayeijua. Dawa ipo, nesi yupo, chupa hakuna! Bibi yule alituletea chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi, tukaiosha, tukaichemsha, kifuniko chake kikajikunja kwa moto kikawa hakifungi vizuri. Nyumba ina wajukuu wanne. Nilirudi nyumbani siku ile sina amani kabisa, nikampigia bibi simu mara mbili kumkumbusha aiweke juu.

Haya turudi kwa hospisi pacha. Mimi zamani nilikuwa najua wenzetu wana hela. Nilikuwa naandika bajeti kwa mkono mrefu, nasema hawa si wa Ulaya bana. Siku moja tuko kwenye simu ya video mhasibu wao akasema kwa upole kabisa kwamba mwaka ule wamesimamisha ajira mbili kwao. Nikashangaa. Kumbe Uingereza hospisi za watu wazima zinapata kutoka serikalini kama theluthi moja tu ya hela zake, zilizobaki wanajitafutia wenyewe, watu wanakimbia mbio za hisani, wanaacha urithi kwenye wosia, na hospisi zina maduka yanauza nguo zilizotumika. Mitumba! Hela ya mafuta ya pikipiki yetu imetoka kwenye koti la mtu lililouzwa mara ya pili. Tangu siku hiyo risiti zangu nazibandika kwa adabu.

Marekani wao walikuwa na mpango wao mkubwa. Mwaka 1999, UKIMWI ukiwa unazimaliza familia na dawa za kufubaza virusi hazijawafikia watu wengi wa Afrika, ilianzishwa taasisi ya kuziunganisha hospisi za Marekani na za kusini mwa Sahara moja kwa moja, hospisi moja na pacha wake mmoja. Baadaye ikabadilishwa jina ikaitwa Global Partners in Care. Center for Hospice Care ya kule Indiana kwa mfano imeshirikiana na chama cha tiba shufaa cha Uganda, PCAU, tangu mwaka 2008, na kati ya walichofanya pamoja ni kusomesha watoto waliokuwa wanauguza wazazi wao. Nimelitaja hilo kwa makusudi maana wengi hawalioni mpaka waingie ndani ya nyumba. Nilishamkuta binti wa miaka kama kumi na mbili ndiye nesi wa mama yake. Alikuwa na daftari la hesabu, upande mmoja hesabu za shule ambazo ziliishia katikati ya muhula, upande wa pili saa za dawa, kila dozi kaiwekea alama ya vyema na peni nyekundu kama mwalimu. Hajaruka hata moja. Mama alipofariki hospisi kwa utaratibu wa vitabu ingekuwa imemaliza kazi, mgonjwa hayupo, faili linafungwa. Mtoto je? Wenzetu ndio walilipa ada yake, na hawakulipa kwa sababu tuliandika andiko zuri la mradi, ni kwa kuwa nesi wao alikuwa ameingia kwenye ile nyumba na mimi akaliona daftari kwa macho yake.

Hapo sasa inabidi niseme na upande wa pili, maana wageni nao wapo wa aina nyingi. Kuna waliokuja wiki mbili na kamera shingoni. Walikuwa wanaomba ruhusa, sikatai, na mgonjwa anasema sawa, lakini we ulishawahi kuona mgonjwa anamkatalia mgeni aliyekuja na nesi wake? Anajua nesi ndiye mwenye dawa. Nilimeza mara mbili, ya tatu nikasema kamera inabaki ofisini. Walinuna siku moja wakazoea. Na kuna kundi lingine, sio pacha wetu hawa, walituma shehena ya vifaa na madawa bila kutuuliza, ikakaa forodhani ikazaa gharama za kuitunza zaidi ya thamani ya kilichokuwa ndani, kuja kufungua nusu ya dawa zimebakiza wiki chache na nyingine maandishi yake ni ya lugha ambayo hakuna anayeisoma. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani imeshasema miaka na miaka kuwa dawa ya msaada ikifika iwe na walau mwaka mmoja wa kutumika mbele yake. Kuzichoma zile dawa kwa utaratibu unaokubalika nayo ni gharama, tulilipa sisi. Halafu wakaomba picha za wanufaika, sikujibu ile email, naomba Mungu anisamehe.

Kilichotubadilisha sisi na pacha wetu ni pale dada mmoja wa kwetu alipoenda kwao mwezi mzima. Kabla ya hapo walikuwa wanakuja wao tu. Alivyorudi tukamzunguka tukitaka kusikia habari za mashine na vitanda vya umeme, yeye akaanza na mengine kabisa. Akasema kule kuna wagonjwa wanakufa wakiwa safi, bila maumivu, kwenye shuka nyeupe, na hakuna aliyekuja kuwaona wiki nzima. Akasema alikaa na bibi mmoja kwenye zamu yake, hawaelewani lugha vizuri, akamshika mkono tu, wenzake wakamuuliza baadaye umemfanyia nini mbona leo hajabonyeza kengele. Kwenye kikao cha mwisho wakamwomba awafundishe tunavyowapata watu wa kujitolea mtaani. Yaani wao watuulize sisi! Lakini ukiangalia sio ajabu, jimbo la Kerala kule India wana mtandao wao wa majirani wa kuhudumia wagonjwa, majirani wenyewe wanachanga, wanatembelea, nesi na daktari wanakuja kuongezea utaalamu, na Waingereza wamekwenda kule kujifunza jinsi ya kuirudisha jamii kwenye kuuguza.

Siku hizi tuna kikao cha mtandaoni mara mbili kwa mwezi, tunaweka kesi mezani. Wanafuata ule mtindo wa ECHO, ulioanzia New Mexico mwaka 2003 kwa ajili ya homa ya ini, mtaalamu yuko kwake, nesi yuko kwake, kesi inajadiliwa na wote wanajifunza. Intaneti ikikata tunahamia WhatsApp kwa sauti. Mara ya kwanza tulikuwa tunaongea kama tuko kwenye mtihani, kila mtu anasema vizuri asionekane hajui. Ikabadilika siku daktari wao mmoja alipoleta kesi yake ambayo alikosea, akasema nilichelewa kumwongezea dawa kwa sababu niliogopa, akanyamaza. Tangu hapo na sisi tukaanza kuleta za kwetu zilizotushinda. Mimi nadhani hicho kikao kimetusaidia kuliko kitu chochote kilichowahi kuja kwenye boksi, na hakikugharimu zaidi ya bando.

Ila na penyewe tusilewe. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, watu waliokuwa wameweka mishahara ya manesi kwenye mfuko ule mmoja tu walijikuta wanawaambia wagonjwa hatujui kama wiki ijayo tutakuja. Hospisi pacha ndogo kama ya kwetu haiwezi kuziba pengo la namna ile hata wauze makoti ya mji mzima. Mishahara na mofini ni jukumu la serikali, hapo sina lugha ya mzunguko, pacha anatakiwa akusaidie kuibana serikali yako, akupe takwimu, akae na wewe kwenye kikao akushuhudie, lakini sio awe serikali. Kwetu tumeanza kuomba mshahara wa nesi mmoja uingie kwenye bajeti ya wilaya. Tumeahidiwa. Nimeandika tarehe.

Mwezi uliopita kukawa na mtu mpya kule kwa wenzetu anayeshika hii kazi ya ushirikiano, yule wa zamani amestaafu. Nikajua sasa tunaanza upya, ataniletea fomu ya kurasa kumi na nne. Akaniandikia mistari miwili, anasema amesoma mafaili, ameona ile pampu ya mwaka ule haijawahi kutajwa kwenye ripoti yoyote baada ya ile ya kwanza, je, ina tatizo? Nikampigia picha ilivyo, pale mlangoni, nikamtumia bila maneno. Akacheka kwa maandishi, kisha akauliza, sasa mnachokosa kweli kweli ni nini, usiniandikie mradi, niambie tu.

Nikamwandikia: mafuta ya pikipiki, vocha za simu za watu wa kujitolea, na chupa tupu za plastiki.

Nilikaa kusubiri aniulize chupa tupu za nini. Jibu likaja usiku, saa za kwao ni tofauti na za kwetu, nikalisomea kitandani. Anauliza chupa za mililita ngapi, na kama vifuniko tunataka vile ambavyo mtoto hawezi kufungua, na kama kuna mtu karibu na sisi anayezitengeneza ili wao watume hela tu tuzinunue hapo hapo.